Kuagiza bizinesi kadi mtandaoni: maneno ya watu na ukweli wenyewe

"Kwenye simu yangu ilikuwa bluu kali, mbona imekuja kama zambarau?" Hili lalamiko huwa halikosi, na chanzo chake ni ile imani kwamba rangi unayoiona kwenye skrini ndo itakayotoka kwenye karatasi. Haiwezekani jamani. Simu inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ndo hiyo RGB, printa yenyewe inatumia wino wa aina 4, saiani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, sasa kuna rangi mwanga unaziweza ila wino hauziwezi hata umwage ndoo nzima. Bluu ya kuwaka inavutwa kuelekea zambarau, kijani kile cha riflekta za bodaboda kinapoa kinakuwa kijani cha kawaida tu. Hapo hamna aliyekuibia. Seti faili lako kwenye CMYK toka mwanzo, na kama programu unayotumia haina hiyo basi achana na rangi za kuwaka, alafu shusha mwanga wa skrini kwanza ndo useme umeipenda.

Wengine wanakwambia "logo si ipo kwenye status yangu, chukua hapo hapo". Aisee. WhatsApp picha inaibana, afu wewe umepiga skrinishoti ukakata kakipande. Tupige hesabu: uchapaji mzuri unataka dpi 300, yaani vinukta 300 kwa kila inchi, maana yake logo ya upana wa sentimita 3 inahitaji pikseli kama 354, na hako kakipande kako kana 120. Kwenye simu huoni shida, kwenye kadi kingo zinatoka na vijingazi na ukungu. Muombe aliyekudizainia logo faili la vekta, yaani lililochorwa kwa mistari ya kihesabu badala ya pikseli, SVG au PDF, hilo hata ulivute liwe bango la barabarani halipotezi kitu. Na kuitumbukiza JPG ndani ya PDF hakuifanyi kuwa vekta, ni picha ile ile. Kama lazima ipite WhatsApp, itume kama dokumenti.

Kuna hili la "wamekata hovyo". Mara nyingine kweli wamekata hovyo, ila mara nyingi tatizo lilikuwa kwenye faili. Kadi haichapwi moja moja, zinapangwa nyingi kwenye karatasi kubwa, mara nyingi zimechanganyika na za wateja wengine na ndo maana bei inashuka, zinabebanishwa bunda zima linapitishwa kwenye kisu, na bunda likisogea hata milimita moja kadi yako imesogea nayo. Ndo maana wanataka rangi iliyo nyuma ya maandishi izidi milimita 3 kila upande, kwahiyo kadi ya 85 kwa 55 faili lake linakuwa 91 kwa 61, na maandishi yote yakae ndani angalau milimita 3 hadi 5 toka ukingoni. Sasa wewe umeweka fremu nyembamba ya dhahabu kuzunguka kadi, imeshika ukingo kabisa, kisu kimeyumba kidogo, kulia fremu nene kushoto imebaki uzi. Hizo fremu mi huwa nawaambia watu waziache tu.

"Nikikosea si watanishtua?" Hapana! Mfumo wao unakagua ukubwa wa faili na ubora wa picha, jina lako umeliandikaje haliwahusu, na ukishabonyeza kukubali prufu, ile picha ya mfano wanayokuonyesha kabla ya kuchapa, kosa limeshakuwa lako na kurudishiwa hela ni kazi. Lile ninaloliona sana ni namba ya simu iliyoandikwa +255 alafu ikafuatiwa na 07, ile sifuri inatakiwa itoke, baada ya 255 zinabaki tarakimu 9. Usiisome namba kwa macho maana macho yameshaizoea, ipige kama ilivyo kwenye prufu uone kama simu yako inaita. Barua pepe jitumie meseji. QR nayo iskani hapo hapo kwenye prufu, na uangalie ulikoitengenezea, maana zipo saiti zinakupa QR inayopitia kwao kwanza, kipindi cha majaribio kikiisha wanataka ulipie la sivyo inakufa, na kadi umeshazigawa mji mzima.

Karatasi nzito ndo bora? Si lazima. Gramu ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo, gramu 300 hadi 350 ndo kawaida ya kadi. Angalia zaidi juu pamepakwa nini: ukiweka lamineshen, ile nailoni nyembamba, ya kung'aa pande zote mbili peni haiandiki, muhuri unapakaa, na kama we ni daktari wa meno au fundi unayeandikia watu tarehe nyuma ya kadi hapo umejiharibia.

Bei sasa. VistaPrint, kampuni ya nje ya kuchapa kwa oda za mtandaoni, walijulikana sana kwa kadi za bure, ila nyuma walichapa tangazo lao na usafiri ulilipa mwenyewe. Kwahiyo ukiona bei ya saiti ya nje ongeza usafiri, ongeza kodi za forodhani na VAT, asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya, afu ndo ulinganishe na Kariakoo au River Road. Na ule ushawishi wa kuchukua 1,000 kwa sababu "kila kadi inashuka bei" ni kweli kwa ofseti, yaani mashine inayochapa kwa pleti za chuma, moja kwa kila wino, zile pleti 4 gharama yake ni ile ile uchape 100 au 5,000, ila dijitali, inayochapa moja kwa moja toka kwenye faili, haina pleti, na kama ofisi unahama mwakani chukua 200 tu.

La mwisho, templeti za Kimarekani ni milimita 89 kwa 51. Kadi ya benki ina 85.6. Hizo 89 kwenye walet nyingi zinachungulia nje na kona zinajikunja.