Msamaha wa ada ya usajili FDA kwa biashara ndogo za vifaa tiba: soma kabla hujalipa

Kila ikikaribia Oktoba, msimu wa usajili FDA (mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula, dawa na vifaa tiba), meseji zinakuwa nyingi, na swali ni karibu lile lile: kaka, nasikia serikali ya Marekani imewasamehe wadogo ada ya usajili FDA, ni kweli? Ni kweli msamaha upo, na upo kwenye sheria kabisa. Lakini mlango wake ni mwembamba sana kuliko watu wanavyoambizana kwenye magrupu ya WhatsApp, na kuna watu wanaumia kwa sababu wamechanganya vitu viwili vinavyofanana jina tu. Kazi yangu ni kuwapitisha wenye kampuni kwenye taratibu za FDA, kwaiyo acha niliweke wazi hili jambo kwa Kiswahili chetu, maana maelezo ya kiserikali yanachosha na wengi wetu tunaishia kumtegemea ajenti atuambie chochote.

Tuanze na ada yenyewe. Ukitengeneza kifaa tiba kwa soko la Marekani, au ukikiingiza kutoka nje, au ukakifungasha upya, au ukabandika lebo yako juu ya kifaa cha mwingine, kituo chako lazima kisajiliwe FDA kila mwaka, kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Desemba, na usajili huo unalipiwa. Ada hii ilipoanza mwaka wa fedha 2008 ilikuwa dola 1,706. Mwaka wa fedha 2024 ilikuwa dola 7,653, uliofuata 9,280, na huu wa 2026 imefika dola 11,423. Na ni bei moja kwa wote! Kampuni kubwa kama Medtronic inalipa kwa kila kituo kiasi kile kile anacholipa mama anayeagiza fremu za miwani kutoka China na kuziuzia maduka ya macho ya Dallas. Wala haijalishi kama kiwanda kiko Ohio au kiko Nairobi, kama kinauza vifaa Marekani kinalipa hiyo hiyo.

Sasa hapa ndo kwenye mkanganyiko. Kuna nafuu ya zamani ambayo watu wengi wanaijua, ile ya biashara yenye mauzo yasiyozidi dola milioni 100. Ukipitishwa unapewa namba ya SBD, yaani namba ya kutambuliwa kama biashara ndogo, na kwa hiyo namba ukipeleka ombi la 510(k), yaani lile ombi la kuruhusiwa kuuza kifaa kwa kuonyesha kinalingana na kingine kilichopo sokoni, badala ya dola 26,067 unalipa 6,517. Ni robo ya bei, nafuu kubwa kwelikweli, na kampuni nyingi changa zisingefika sokoni bila hiyo. Ila namba ya SBD ya aina hiyo HAIGUSI ada ya usajili hata senti moja. Mtu anapata barua yake ya FDA inasema wewe ni biashara ndogo, anafurahi, Oktoba anaingia kwenye mfumo wa malipo anakuta 11,423 iko pale pale, anadhani mfumo una hitilafu, anaanza kupiga simu huku na kule mpaka Desemba inafika.

Na wanaoumia zaidi ni wale ambao hawana hata haja ya hiyo 510(k). Chukua fremu za miwani, magongo ya kutembelea, fimbo za wazee. Hivi ni vifaa vya daraja la kwanza, hatari yake ni ndogo, na sheria imeviondolea sharti la 510(k). Mwenye biashara ya namna hii nafuu ya robo bei haimsaidii chochote kwa sababu hana ombi la kupeleka. Gharama yake pekee kwa FDA ni usajili, na huo usajili ndo haukupunguzwa. Piga hesabu mwenyewe, mtu anauza fremu za dola 120,000 kwa mwaka, akitoa gharama ya mzigo, meli, ushuru, godauni na kodi anabakiwa na labda 20,000, halafu zaidi ya nusu inaenda kwenye ada moja.

Bunge la Marekani liliona hilo, angalau kwa kiasi fulani. Kwenye sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa Desemba 2022 kiliwekwa kipengele kipya kinachoiruhusu FDA kusamehe ada ya usajili, kuanzia mwaka wa fedha 2025 ulioanza 1 Oktoba 2024. Huu ndo msamaha watu wanaousikia. Masharti yake ni tofauti kabisa na yale ya milioni 100. Mauzo ghafi kwenye ritani yako ya mwisho ya kodi yasizidi dola milioni 1. Kituo kiwe kilishasajiliwa na kulipiwa kabla, kwaiyo anayeanza mwaka wa kwanza hawezi kuuomba. Halafu uthibitishe kwamba kulipa ada kungekuletea ugumu wa kifedha.

Hilo sharti la mwisho ndo linalowatoa wengi. Ugumu wa kifedha kwa lugha ya mtaani ni kuchelewa kulipa kodi ya godauni, ni kukopa kwa kadi ili ulipe invoisi ya msambazaji. FDA haiangalii hivyo. Mwongozo wao unaangalia kama biashara iko kwenye kesi ya kufilisika, na utatakiwa uonyeshe makaratasi ya mahakama. Kesi ya kufilisika si lazima iwe mwisho wa biashara, kuna kampuni zinaingia kwenye Sura ya 11 ya sheria ya kufilisika ya Marekani, zinajipanga upya na madeni huku zinaendelea kuuza, na kwa hizo msamaha huu ni msaada halisi, usiuache. Lakini kwa yule ndugu wa fremu ambaye anapambana, analipa madeni yake kwa wakati, hajamkimbia mtu, hana anachopata. Mimi naona hapo hapajakaa sawa. Msamaha unaomfikia mtu akishafika mahakamani umechelewa, na aliyejibana akalipa kila mtu ndo anatozwa kamili.

Jambo lingine ambalo watu wetu linawakamata ni hesabu ya mauzo. Kwanza wanasema mauzo ghafi, siyo faida. Kama kwenye ritani yako ya Marekani unajaza Schedule C (ya biashara ya mtu binafsi) angalia mstari wa 1, kama kampuni yako inajaza fomu 1120 (ritani ya kampuni) angalia mstari wa 1a, hiyo namba ya juu kabisa kabla hujatoa kitu chochote ndo wanayoiangalia. Pili, wanajumlisha na biashara zote zenye uhusiano, maana yake biashara ambayo wewe unaimiliki au una uwezo wa kuiongoza, au zote mbili zinaongozwa na mtu mmoja. Waafrika Mashariki wengi hapa Marekani tuna agency za kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani. Tuseme una agency yenye mauzo ya dola 900,000 na pembeni una kampuni ndogo ya kuingiza magongo yenye 150,000. Ni LLC (kampuni) mbili tofauti, akaunti tofauti, hata anwani tofauti, lakini mwenye mali ni wewe. Jumla ni 1,050,000, umeshavuka kikomo cha milioni 1. Usijaribu kuificha ile agency kwenye fomu, unaisaini ukithibitisha kwamba uliyoandika ni ya kweli na wanaohusika ni serikali kuu.

Kwa walioko nyumbani, kiwanda cha Kenya au Tanzania kinachouza Marekani kinaweza kuomba hadhi ya biashara ndogo, ila kama hujazi ritani ya Marekani lazima upate uthibitisho wa mamlaka ya kodi ya nchi yako, KRA au TRA, unaoonyesha mauzo kwa shilingi na kwa dola, tarehe zake, pamoja na sahihi na muhuri. Anza mapema jamani. Kumpata afisa anayeielewa hiyo karatasi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko FDA yenyewe.

Na kuhusu muda, FDA wamejiwekea siku 60 za kujibu ombi la biashara ndogo, kwaiyo mtu anayetuma Novemba anajitafutia presha, kwa sababu 31 Desemba haisogei. Ada mpya hutangazwa kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, hapo ndo pa kuanzia. Kama umeomba msamaha usilipe kabla hujajibiwa, ukishalipa usitegemee kurudishiwa. Ukikubaliwa bado kazi haijaisha, lazima uingie kwenye mfumo ukamilishe usajili na orodha ya vifaa vyako, la sivyo usajili unakuwa si hai na mzigo unaweza kuzuiliwa bandarini. Na kila mwaka unaomba upya, hadhi ya mwaka jana inakufa 30 Septemba.

Kabla ya yote hayo lakini, jiulize kama unahitaji kusajiliwa kweli. Nimekutana na watu wanaolipa ada hii mwaka baada ya mwaka wakati wao wananunua mzigo kwa muagizaji aliyeko New Jersey na kuusambaza kwa jumla ukiwa na boksi lake na lebo yake vile vile. Msambazaji wa jumla wa ndani ambaye haagizi mwenyewe kutoka nje hadaiwi usajili. Kama ndo wewe, hiyo 11,423 baki nayo.

Na mtu akikwambia anakupunguzia ada ya usajili kwa asilimia 75, au anakuuzia cheti cha usajili cha FDA chenye picha ya ndege tai na muhuri wa dhahabu, mkimbie. Hakuna punguzo la namna hiyo kwenye usajili, na FDA haitoi cheti cha usajili kwa mtu yeyote. Ada yenyewe inalipwa moja kwa moja kwenye tovuti yao, unapewa namba ya PIN ya malipo, na ukishalipa unapata namba ya PCN ya kukamilishia usajili. Ajenti anaweza kukusaidia kujaza na akakutoza kwa kazi yake, hiyo sawa, ila mwambie akuonyeshe hizo namba mbili.

Sheria ya ada hizi inapitiwa upya kila miaka 5, na iliyopo inaisha 30 Septemba 2027. Maana yake mazungumzo ya ijayo ni ya kipindi hiki hiki, na FDA inatakiwa kupokea maoni ya umma kabla mapendekezo hayajafika Bungeni. Vyama vya kampuni kubwa vina wanasheria wao pale mezani. Mwenye godauni moja Minneapolis au Houston hana, lakini kuandika maoni ni bure na huhitaji kuwa mwanasheria. Mimi nitaandika kwamba ada ipangwe kwa ngazi kulingana na mauzo, na ugumu wa kifedha usipimwe kwa kufilisika tu. Wewe andika mauzo yako ni kiasi gani, ada inakula asilimia ngapi, na umeacha kuagiza au kuajiri nini kwa ajili yake.