Mita 60 za ukingo wa mto: maana yake, na samaki anaingiaje hapo

Kwenye mikutano ya vijiji vilivyo kando ya mito ya Lukuledi au Ruvuma, huku kusini mwa Tanzania, neno "mita sitini" halikosi. Wengi wetu tunalisikia kama tunavyosikia hifadhi ya barabara: serikali imechora mstari, ukiuvuka utafukuzwa. Kumbe mstari wenyewe ni jambo dogo. Kubwa ni kile kinachoota ndani yake.

Kisheria ni hivi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufuko wa bahari. Mita 60 ni zaidi kidogo ya nusu ya kiwanja cha mpira. Ukanda huo unaachiwa matete, mianzi, mikuyu na majani yake.

Sasa samaki. Muda mzuri wa kumwelewa ni maji yakishatulia baada ya masika. Simama penye mchanga, maji ya magotini, uangalie chini. Utaona vishimo vya duara, upana wa sahani ya pilau, vimesafishwa kama vimefagiliwa. Ni kazi ya perege dume. Hukaa juu ya kishimo chake, hufukuza wenzake, hujipamba rangi ili jike amwone. Jike hutaga hapo, halafu huyazoa mayai mdomoni na kuyabeba mpaka vifaranga waweze kuogelea. Ukanda wa juu ukilimwa hadi majini, mvua ya kwanza inateremsha udongo, vishimo vinafukiwa, na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Rangi ya dume itaonekana wapi?

Wavuvi wa trauti wa Uingereza na Marekani waligundua jambo hilohilo kwa samaki wao. Trauti hawezi kuishi Lukuledi hata siku mbili. Anataka maji baridi, na yakipita nyuzi 20 za sentigredi huanza kutaabika. Lakini jike wake hufukia mayai kwenye kokoto za mtoni, na tope likiziba nafasi kati ya kokoto, mayai yanakosa hewa na kufa. Kwa hiyo anayetaka trauti wa asili, wa kuzaliwa mtoni humo humo badala ya kuletwa na lori kutoka bwawani, huanza na ukingo: huzuia ng'ombe wasiukanyage, hupanda miti, husubiri.

Kuna jambo lao jingine ambalo huku tungelicheka. Huangusha magogo mtoni kwa makusudi. Sisi gogo likianguka tunalikata haraka tupate kuni na njia ya mtumbwi. Ila maji yakipiga gogo huchimba shimo nyuma yake, na hapo panakuwa lindi (nasema lindi lenyewe, la maji, si mji wetu). Kiangazi mto ukipungua, samaki hukusanyika kwenye malindi hayo. Penye kivuli cha mkuyu maji hayachemki sana, na maji yasiyochemka hushika hewa zaidi. Wadudu na matunda huanguka kutoka juu, vifaranga hujificha kwenye mizizi. Mto uliosafishwa ukawa kama mfereji hauna pa kumweka samaki wa mbegu.

Mpaka wa mita 60 haumzuii mtu kuchota maji wala kutega mgono wake. Na peke yake hautoshi: anayemwaga utupa kwenye lindi la kiangazi anaua wazazi na watoto kwa mkupuo, hata ukingo ungekuwa msitu. Sumu ya samaki inakatazwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, ingawa kijijini utaambiwa ni dawa ya mababu.

Mkulima naye ana hoja. Ardhi ya bondeni ndiyo yenye unyevu, na kiangazi cha kusini ni kirefu. Jirani yangu mmoja alikuwa na matuta ya mchicha hatua nne tu kutoka majini. Alifyeka matete yote ili kupunguza ndege na kenge. Misimu miwili ya mvua ikapita, mto ukameza matuta matatu, maana hapakuwa na mizizi ya kushika udongo. Sasa amerudi nyuma, anabeba maji kwa ndoo na kulalamika kila jioni. Matete yamesharudi yenyewe, maana hakuyang'oa mizizi. Mkuyu aliokata ndio bado, kichipukizi chake kimefika kiunoni.