Nyonga Mpya, Mguu Bado Unauma: Niliyoambiwa na Wageni, na Ukweli Wake

Nilipotoka hospitalini na nyonga bandia upande wa kulia, wageni walianza kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu hapa Umoja, Nairobi, kabla hata sijajua choo changu mwenyewe nitakikaliaje. Walileta maziwa, ndizi na mkate, na kila mmoja alikuja na daktari wake kichwani. Wenzangu wa chama waliniombea, kisha wakanifundisha. Siwalaumu, yalikuwa mapenzi. Lakini mwezi wa nne ulipofika paja likiwa bado linauma, nilikaa nikahesabu nani alisema nini, nikaona kwamba nusu ya mambo niliyokuwa nikiyafuata hayakutoka kwa daktari aliyenipasua wala kwa mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya tiba. Yalitoka kwenye sofa langu.

"Kiungo kibovu kimetolewa, sasa hakuna cha kuuma"

Hili lilinitesa kuliko yote, kwa sababu kila nilipohisi maumivu nilidhani nyonga imeharibika tena.

Kinachobadilishwa ni kichwa cha fupa la paja na kikombe kinamozunguka. Vingine vyote hubaki vile vile: misuli iliyokatwa au kusukumwa kando ili daktari afike ndani, kano, ngozi, na mishipa ya fahamu iliyovutwavutwa. Misuli hiyo tayari ilikuwa imechechemea nami miaka minane. Maumivu yangu ya zamani, yale ya kusaga ndani kabisa, yaliisha siku ile ile. Yaliyobaki yalikuwa wageni wengine, na kila mmoja ana nyumba yake.

Ukiumwa kando ya nyonga, hasa ukiilalia, mara nyingi ni kano za misuli ya matako au kifuko cha majimaji kilicho juu ya mfupa pale ubavuni. Ukishikwa kwenye kinena unaponyanyua mguu kuingia kwenye gari, huenda ni msuli wa kunyanyua paja unaopita mbele ya kikombe kipya na kukwaruzana na ukingo wake. Ganzi karibu na kovu hutokana na vimishipa vidogo vya ngozi vilivyokatwa. Mishipa ya fahamu huota upya polepole mno, kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo vichomi na mwasho wa ghafla vinaweza kukusindikiza miezi kadhaa.

Langu lilikuwa paja, katikati kabisa, upande wa mbele. Nikiinuka kitini, hatua tatu za kwanza zilikuwa kama mtu ananipiga kwa rungu kutoka ndani, kisha maumivu yakalegea nikaendelea na safari. Kliniki nilielezwa hivi: nyonga yangu haikubandikwa kwa saruji ya mifupa. Chuma kirefu kimepigiliwa ndani ya fupa la paja kama mpini kwenye jembe, na mfupa wenyewe ndio unaotakiwa kuota na kukishika. Chuma ni kigumu kuliko mfupa, hivyo pale kinapoishia ndani ya paja mzigo hukusanyika, na hapo ndipo panapouma. Kwa wengi maumivu hayo hupungua yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachomtia daktari wasiwasi ni kinyume chake: paja lililokuwa limetulia likaanza kuuma upya na kuzidi kila mwezi. Hapo hushuku kwamba chuma kimelegea.

Tangu siku hiyo niliacha kujiuliza kama ninaumwa. Nilinunua daftari la shilingi chache, nikawa naandika mahali panapouma, ninapokuwa ninafanya nini, na kama wiki hii ni afadhali kuliko iliyopita.

"Goti ndilo linalouma, basi walipasua mahali pasipofaa"

Binamu yangu alitaka twende kulalamika. Goti na nyonga huhudumiwa na baadhi ya mishipa ile ile ya fahamu, ndiyo maana kuna watu huumwa goti miaka mingi na eksrei ikaonyesha nyonga ndiyo iliyooza. Baada ya upasuaji mchezo huo unaweza kuendelea kwa muda. Tena mwendo wako umebadilika, na goti linabeba mzigo kwa pembe ambayo halikuizoea. Bila shaka goti lenyewe linaweza kuwa na ugonjwa wake, kwani umri hauchagui kiungo kimoja.

Maumivu yanayoshuka chini ya goti hadi kwenye unyayo, yakiwa na ganzi au kama umeme, yana habari nyingine. Mara nyingi chanzo ni mgongo, uliokuwa mbovu tangu zamani lakini sauti yake ilifunikwa na kelele za nyonga. Mara chache ni mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga, uliojeruhiwa wakati wa upasuaji. Ukiona huwezi kuinua kidole gumba au mguu unaburura kwa mbele, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

"Mguu umerefushwa"

Nami niliamini hivyo. Wiki ya tano nilihisi mguu wa kulia ni mrefu kama mti, nikamtuma kijana kwa fundi wa viatu aongeze soli kwenye kiatu cha kushoto. Fundi alifanya kazi nzuri sana. Baada ya siku kumi nilikuwa na maumivu ya mgongo ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Ukichechemea kwa miaka, misuli ya upande mmoja hujikunja na fupanyonga huinama. Daktari anaporudisha urefu wa awali, mwili uliozoea kuinama huona umeongezewa. Kwa wengi hisia hiyo hupungua kadiri misuli inavyonyooka, na miezi mitatu hadi sita si muda wa ajabu. Tofauti halisi zipo, na zile zisizofika sentimita 1 watu wengi huzibeba bila shida. Soli inaongezwa baada ya kupimwa. Ukiharakisha, unaufundisha mwili kubaki umepinda. Kile kiatu bado ninacho chini ya kitanda, kwa sababu kilikuwa kipya.

"Shika mkongojo upande unaouma"

Simama sokoni Gikomba saa moja uhesabu wanaotembea na fimbo: wengi wameishika upande wa mguu mbovu, wakiuegemea. Inaonekana sawa kwa akili. Lakini mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande mzima. Unapokanyaga mguu uliopasuliwa, misuli ya kando ya nyonga hiyo inavuta kwa nguvu ili kiuno kisidondokee upande wa pili. Mkongojo ukiwa upande wa pili unakishikilia kiuno, na ile misuli iliyojeruhiwa inapumzika. Nilipobadilisha mkono, maumivu ya ubavuni yalipungua siku ile ile. Nilikasirika, kwa kweli, kwa wiki nilizopoteza.

Ngazi nazo zina utaratibu wake, na kwetu hakuna lifti. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mkongojo na mguu uliopasuliwa ndio hutangulia.

"Itisha mama wa kukanda"

Hapana. Hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Upasuaji wa nyonga ni miongoni mwa ile inayoongoza kwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na donge likisukumwa na mikono yenye nguvu linaweza kung'oka likakimbilia kwenye mapafu. Ndiyo sababu unapewa dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa takriban siku 35, sindano au vidonge. Najua bei zake, na najua watu wanaoziacha wiki ya pili kwa sababu "kidonda kimepona". Kidonda na damu ni mambo mawili tofauti.

Kuvimba kwenyewe ni kwa kawaida, na kunaweza kudumu miezi kadhaa: jioni mguu unajaa, asubuhi umepungua. Inua mguu kitandani, chezesha kifundo juu na chini mara nyingi kwa siku. Ukiona shavu la mguu limevimba, limekuwa gumu, lina joto na linauma, na usiku kucha halijapungua, nenda ukapigwe ultrasaundi. Ukibanwa pumzi au kifua kikichoma, usisubiri mtu akupeleke kesho. Kukanda kovu kwa ncha za vidole, baada ya kidonda kufunga kabisa, ni jambo jingine, na mtu wa fizio atakuonyesha.

"Baridi ya Julai inaingia kwenye chuma"

Chuma kiko ndani ya mwili wenye joto la nyuzi 37. Hakijui kama nje kuna jua au ukungu. Wakati wa baridi tunakaa sana, tumejifunika, na misuli inakakamaa. Vaa suruali ya ndani ukatembee. Na kwa kuwa tuko hapo: supu ya mifupa ni chakula kizuri, ina protini na mimi huipenda, ila nyonga bandia hainywi supu.

"Diklo tatu kwa siku, na usihesabu"

Kwenye kemisti ya mtaani diklofenaki, dawa ya maumivu, hutolewa kama peremende. Dawa hiyo husaidia, na daktari anaweza kukuandikia. Hatari ni kuimeza miezi na miezi bila mtu kujua: hutoboa tumbo, huumiza figo, hupandisha presha. Ukiichanganya na zile za kuzuia damu kuganda, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Parasetamoli ni mpole zaidi lakini nayo ina mpaka: kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 ndani ya saa 24.

Upande wa pili wapo mashujaa wanaokataa dawa kabisa, halafu wanashindwa kufanya mazoezi kwa maumivu, misuli inasinyaa, maumivu yanazidi. Mimi nilimeza dawa nusu saa kabla ya mazoezi. Sikupewa nishani, lakini niliweza kuinua mguu.

"Ukitembea sana utakimaliza haraka"

Mume wangu alisikia mahali kwamba nyonga bandia hudumu miaka kumi, akawa ananizuia kwenda hata dukani. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za Australia na Finland, ulionyesha kwamba takriban nyonga 58 kati ya 100 hufika miaka 25. Kukaa ndiko kulikonidhuru. Pia siku niliyotembea kupita kiasi ilinidhuru: nilitoka nyumbani hadi Donholm na kurudi kwa ujeuri tu, nikalala siku mbili. Kipimo nilichofundishwa ni kwamba maumivu yaliyoongezeka kwa zoezi yawe yametulia kufikia asubuhi ya pili. Yasipotulia, punguza hatua, usiache.

Kukaa chini sana ni suala lake. Sofa zetu humeza mtu, vigoda ni vifupi, na choo cha kuchuchumaa hakingoji ruhusa. Wengi wetu, hasa tuliopasuliwa kutokea nyuma, huambiwa tusikunje nyonga kupita pembe mraba wala tusipishanishe miguu kwa wiki kadhaa, kwa kuhofia kiungo kuchomoka. Jirani yangu Mwislamu aliyepasuliwa kabla yangu aliswali juu ya kiti hadi alipoambiwa anaweza kusujudu. Kiungo kikichomoka utajua: maumivu makali ya ghafla, huwezi kusimama, mguu umefupika na mara nyingi umegeukia ndani.

"Ni kawaida, vumilia"

Hili husemwa kwa upole na ndilo huumiza watu. Maumivu yanayopungua, hata kwa kusuasua, yanavumilika. Yanayopanda wiki baada ya wiki, yanayokuamsha ukiwa umelala tuli, yanayoandamana na homa au kidonda kinachovuja, hayo yanaweza kuwa maambukizi. Eksrei ikionekana safi bado haijamaliza maneno. Kuna vipimo vya damu, na wakati mwingine maji huvutwa kutoka kwenye kiungo yakapimwa. Hapo kuna kosa ambalo karibu nilifanye: kununua antibayotiki kemisti kabla ya maji kuvutwa. Dawa huweza kuwanyamazisha wadudu wasionekane kwenye kipimo, nao wamo bado. Maambukizi yanaweza pia kuja miaka baadaye, yakisafiri kwenye damu kutoka kwenye jino bovu au kidonda cha mguu, kwa hiyo mwambie daktari wa meno kwamba una nyonga bandia.

"Mwaka ukipita na bado unaumwa, ni kurudi mezani"

Takriban mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya kumsumbua kwa muda mrefu baada ya kubadilishwa nyonga. Afadhali tungeambiwa hivyo kabla ya kusaini fomu. Wengi wao hawahitaji kupasuliwa tena. Wanahitaji mtu wa kutafuta chanzo, aangalie na mgongo, kwa sababu kupasua pasipo chanzo kinachojulikana mara nyingi hakuleti nafuu.

Paja langu lilinyamaza mwezi wa kumi na nne. Kinena bado hunishika ninapopanda matatu zenye ngazi ya kwanza iliyo juu. Makonda wa njia yetu wamenizoea. "Pole pole, shosho," huniambia, na mimi humpa mfuko wa sukuma wiki aushike, natanguliza mguu wa kushoto.