Upekkha si kutojali

Kuna maelezo ya meditesheni yanayozidi kuenea, hasa miongoni mwetu tunaofuata mafunzo ya Buddha bila kuyafanya dini: kwamba ukifanya mazoezi vya kutosha, hakuna kitakachokugusa tena. Mwenzako akilia, wewe umetulia. Mzazi akiugua, wewe umetulia. Na hali hiyo hupewa jina la heshima, upekkha. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Upekkha ni utulivu wa moyo usioyumbishwa na sifa wala lawama, faida wala hasara. Neno ni la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, na mzizi wake ni kutazama. Anayetazama hajafumba macho wala hajageuza uso, na hapo ndipo maelezo hayo yanapopotoka.

Buddhaghosa, mwanazuoni aliyeandika nchini Sri Lanka katika karne ya 5, aliuona mkanganyiko huu mapema. Katika kitabu chake Visuddhimagga anasema kila moja kati ya sifa nne njema za moyo, upekkha ikiwemo, ina maadui wawili, wa mbali na wa karibu. Adui wa mbali wa upekkha ni tamaa na chuki. Hao unawatambua mara moja. Adui wa karibu ni kutojali kunakotokana na kutoelewa. Huyu ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa sura yake ni ileile: uso mtulivu, sauti ya chini, maneno machache. Ndani hakuna kitu.

Tena upekkha haisimami peke yake. Ni ya mwisho kati ya sifa hizo nne, baada ya metta, yaani kuwatakia wengine mema, karuna, yaani huruma, na mudita, yaani kufurahia heri ya mwenzio. Buddhaghosa anazifananisha na mama mwenye wana wanne: mchanga, mgonjwa, kijana aliyechanua, na mtu mzima anayeshughulika na mambo yake. Kwa huyu wa mwisho mama hahangaiki. Lakini bado ni mama yake! Ukiziondoa zile tatu ukabaki na ya nne, ulichobaki nacho si upekkha.

Chukua ndugu anayekupigia simu kukwambia kafukuzwa kazi. Asiyejali anaitikia "mm, mm" huku akipekua ujumbe mwingine. Mwenye upekkha anahisi kifua kikibana, anakiona kinavyobana, na anabaki kwenye simu. Hakimbilii kutoa ushauri ili yeye mwenyewe apate nafuu. Anauliza kinachohitajika, anafanya anachoweza, na ndugu asipofuata alichoambiwa, hamwekei kinyongo. Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya dakika chache, na kwa nje haionekani.

Kwa hiyo jambo likiwa limekuchosha na umeamua kulipa kisogo, sema tu kwamba umechoka. Si aibu, na Kiswahili kina maneno tele ya hali hiyo. Na kama ni kwenye mazoezi ndipo unapojikuta huguswi na lolote, usiharakishe kuita hali hiyo upekkha. Rudi kwanza kwenye metta kwa siku kadhaa, umtakie mema mtu mmoja unayemfahamu kwa jina na sura, kisha uangalie kama utulivu ule bado upo.