Studio ya bure, na masta ikabaki ya nani?

Kijana mmoja wa Ngarenaro alifika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Arusha na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Studio ilimrekodi bure. Miezi minane baadaye, yuko ndani ya daladala ya Sakina, akajisikia redioni akinadi kinywaji ambacho kwa imani yake hakigusi. Ngoma yenyewe aliitunga kumkumbuka marehemu baba yake.

"Kaka, hawa si wezi?"

Nikaifungua karatasi. Mstari wa tatu: "Msanii anakabidhi haki zote kwa matumizi yoyote." Chini yake sahihi, ya kwake.

Machalii wengi wanaochana, yaani wanaofanya rap, hudhani ngoma ni kitu kimoja. Kisheria ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani mistari na melodi, halafu kuna rekodi yenyewe, ile mnayoiita masta. Utunzi ni wako tangu ulipouandika: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi kwa kule kubuniwa tu, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo usipuuze. Masta kwa kawaida huishia kwa aliyegharamia kurekodi. Ndiyo maana studio ya bure mara nyingi si ya bure. Umelipa kwa masta.

Hadithi hii ina umri wa rap yenyewe. Mwaka 1979 ngoma ya Rapper's Delight ya kundi la Sugarhill Gang ilipovuma Marekani, mmoja wao, Big Bank Hank, alichana humo mistari ya rapa mwenzake Grandmaster Caz, ambaye hakutajwa kuwa mtunzi. Hank hakubadilisha hata jina: anasikika akitaja herufi za Casanova, jina la kisanii la Caz mwenyewe.

Arusha tuna ugonjwa wa kinyume. Mji uliowatoa X Plastaz, waliochanganya rap na sauti ya Kimaasai, bado una watu wanaoamini kwamba msanii akifanya tangazo ameuza hip-hop. Mimi sikubaliani nao. Kodi ya chumba hailipwi kwa heshima ya mtaani. Uza, ila neno "kukabidhi" likiwa kwenye karatasi, omba libadilishwe liwe "kuruhusu", kisha mwandike ni kwa miaka mingapi, nchi zipi, matumizi gani. Matangazo na kampeni za siasa viwekewe kifungu chake: pasipo ridhaa yako ya maandishi, hapana. (Prodyuza aliyetengeneza biti naye ana jasho lake humo. Mgao wenu uandikwe siku hiyohiyo, mkiwa bado marafiki.)

Kwa kijana wetu tulishika haki ya kimaadili, ile ya mtunzi kutambuliwa na kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Tukaandika barua moja, tukaambatanisha daftari lake lenye mistari ya awali na jina la baba yake juu ya ukurasa.

Tangazo liliondolewa baada ya wiki tatu. Masta hakuipata. Juzi alipita tena ofisini na mkataba mwingine, huu wa kurasa nne, na mahali pa sahihi pakiwa peupe.