Prednisoloni: kwa nini haiachwi ghafla?

Nimemeza prednisoloni miezi minane kwa sababu ya lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe. Sasa najisikia mzima. Nikiacha leo kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali. Hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu na sukari, hasa mtu anapougua. Prednisoloni ni steroidi, yaani dawa inayofanya kazi kama kotisoli. Ubongo ukikuta steroidi ya vidonge imejaa kwenye damu, huacha kuiamuru tezi ifanye kazi. Ikikaa hivyo wiki tatu, nne au zaidi, tezi husinyaa. Ukikata dawa ghafla, unabaki huna kotisoli ya dukani wala ya nyumbani.

Daktari alinishusha haraka kutoka miligramu 40 hadi 10. Sasa ananipunguzia miligramu moja tu kwa mwezi. Mbona anasuasua?

Hasuasui. Kotisoli ya mtu mzima mwenye afya inalingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni kwa siku. Juu ya kiasi hicho, kinachochungwa zaidi ni ugonjwa usirudi. Chini yake ndipo tezi inapotakiwa kuamka, na haiamki kwa kuharakishwa: wengine huchukua wiki, wengine miezi, wapo wanaopitisha mwaka. Kipimo cha kotisoli cha asubuhi, saa mbili hadi saa tatu, kabla ya kumeza dozi, humwonyesha daktari imefika wapi.

Viungo vinauma na sina nguvu kabisa. Nyumbani wanasema nimekuwa mvivu.

Si uvivu, na ningependa walio nyumbani wasome hapa. Huenda mwili umekosa dozi uliyoizoea, huenda lupasi inarudi, huenda kotisoli haitoshi. Kwa macho huwezi kutofautisha, rudi kliniki.

Ila ukitapika mfululizo, ukipata kizunguzungu kikali ukisimama, ukichanganyikiwa au kuzirai, usingoje siku ya kliniki. Kidonge kilichotapikwa hakisaidii. Unahitaji sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, haraka. Mwambie kila mhudumu kwamba unatumia steroidi, au uliziacha ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Na muulize mapema daktari wako: nikipata malaria au nikifanyiwa upasuaji, dozi ipande kiasi gani?

Mimi sijawahi kumeza steroidi. Napaka mkorogo tu.

Mikorogo mingi ina klobetasoli, steroidi kali inayopenya ngozi. Ukipaka mwili mzima kwa miezi, tezi inaweza kulala vilevile. Baadhi ya dawa za kunenepesha nazo ni deksamethasoni, steroidi kali nyingine. Usione haya: chukua kopo lenyewe, hata kama halina lebo, umwonyeshe daktari kabla hujaacha.