Paa liko wapi kwenye hesabu yako?

Napokea mara kwa mara ujumbe wa aina moja: "Nataka kuanza kuwekeza kwenye nyumba za kupangisha, naomba unishike mkono." Unaishia hapo. Aliyeuandika hasemi ana mtaji kiasi gani, ameangalia nyumba ipi, wala amekwama wapi. Natamani kumsaidia, lakini sijui nianzie wapi.

Kazi yangu ni kusimamia majengo ya kupangisha, na machache kati ya hayo ni yangu. Nilipokuwa naanza niliwaandikia watu ujumbe kama huo huo, na wengi hawakunijibu. Aliyenifungulia mlango ni mama mmoja ambaye nilikuwa namkusanyia kodi za nyumba zake. Sikumwomba anilee. Nilimpelekea karatasi moja yenye hesabu ya nyumba niliyotaka kununua, nikamwuliza, "Mama, hapa nimekosea wapi?"

Nilikuwa nimeandika bei, kodi ya mwaka mzima, na chini yake nimepigia mstari: asilimia 10. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme bei ni 1,000 na kodi ya mwaka ni 100. Akachukua kalamu. "Nyumba hii haitakaa wazi hata mwezi mmoja?" Mwezi mmoja kati ya 12 unakula kama 8 katika ile 100, zikabaki 92. Akatoa 10 za matengenezo ya kawaida, 9 za bima na kodi ya jengo inayolipwa serikalini, kisha 8 za msimamizi. Nikamwambia nitasimamia mwenyewe. "Jilipe," akasema, "maana siku ukichoka utamlipa mwingine." Zikabaki 65. Halafu akaigeuza karatasi, akatazama na nyuma, kana kwamba kuna kitu anakitafuta. "Mwanangu, paa liko wapi humu?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba paa, mabomba, tangi la maji na nyaya za umeme haviharibiki kila mwaka, lakini siku vikiharibika vinameza mapato ya miaka. Akatoa 5 nyingine za akiba. Asilimia 10 yangu ikawa asilimia 6, na mkopo niliokuwa nimeahidiwa ulikuwa wa riba ya asilimia 9. Maana yake kila 100 nitakayokopa ingeniingizia 6 na kunidai 9, kabla sijaanza kurejesha deni lenyewe. Nyumba ile sikuinunua.

Yote hayo yalichukua kama nusu saa, na ndiyo sababu alikubali. Mtu mwenye majengo hana uwezo wa kuahidi kumlea mgeni kwa miaka, lakini nusu saa ya kukosoa hesabu anayo, na wengi huifurahia. Kilichofuata ni mimi kurudi kwake baada ya wiki tatu na hesabu ya nyumba nyingine, safari hii paa likiwemo. Hapo ndipo ulezi ulipoanza. Anayekupa ushauri anataka kuona umekwenda wapi na ushauri wake. Ukipewa neno, rudi useme ulilifanyia nini, hata kama ulilifanyia kazi vibaya.

Watu wa namna hii utawapata wapi? Zunguka na wanaoyaona majengo mengi kwa ndani: fundi bomba, fundi umeme, mthamini, wakili anayeshughulikia uhamisho wa hati, msimamizi wa nyumba. Hawa wanajua nani ana nyumba nane zinazotunzwa vizuri na hasemi, na nani ana sifa kubwa lakini wapangaji wake wanahama kila baada ya miezi sita. Swali ninalolipenda ni lile la kumwuliza fundi: "Kati ya wenye nyumba unaowafanyia kazi, nani hulipa kwa wakati bila kusukumwa?" Jina litakalotajwa, mtafute huyo.

Kuwa mwangalifu na mshauri mwenye kitu cha kukuuzia. Kulipia mafunzo si kosa, mimi mwenyewe nimelipia. Lakini mwulize anayekufundisha mapato yake yanatoka kwenye kodi au kwenye ada za wanafunzi, na umwombe akueleze hasara yake kubwa kuliko zote, hatua kwa hatua. Aliyewahi kumiliki nyumba ana hasara ya kusimulia. Na mshauri akikuelekeza kwenye kiwanja au nyumba yake mwenyewe, tangu dakika hiyo ni muuzaji. Tafuta mthamini na wakili wako, uwalipe wewe.

Sasa ubia. Hapa nimeumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba yangu ya kwanza nilinunua na rafiki, nusu kwa nusu. Hatukuandikiana chochote zaidi ya majina mawili kwenye hati, kwa sababu tuliona kuandikiana ni kutoaminiana. Mwaka wa tatu alipatwa na shida ya kweli, akahitaji fedha zake. Mimi sikuwa na uwezo wa kumnunua. Hatukuwa tumekubaliana sehemu yake itathaminiwa vipi, wala anayebaki apewe muda gani. Tuliuza kwa haraka, chini ya thamani, na tukaachana kila mmoja akiamini mwenzake amemdhulumu. Hakuna aliyedhulumu. Tulikosa karatasi tu.

Tangu hapo huangalia kwanza kama tunakamilishana. Ukiwa na muda na macho ya kukagua jengo lakini huna mtaji, unahitaji mwenye mtaji asiye na muda. Wabia wawili wenye nguvu moja na upungufu mmoja huwa wanasubiriana. Kisha tenga malipo ya kazi na faida ya mtaji, maana ugomvi mwingi nilioushuhudia umezaliwa hapo. Kama mmoja ametoa 90 na mwingine 10 lakini ndiye anayehangaika na wapangaji, alipwe ada ya usimamizi inayojulikana kila mwezi. Mkiuza, kila mmoja arudishiwe kwanza mtaji wake, ndipo faida igawanywe kwa kiwango mlichoandika. Msipoitenga kazi, mwenye 90 ataona mwenzake anapata vya bure, na mwenye 10 ataona anatumikishwa.

Jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: katika sheria za nchi nyingi, ubia wa kawaida, usiosajiliwa kama kampuni, humfanya kila mbia awajibike kwa deni lote la ubia. Mwenzako akishindwa kulipa, anayedai anaweza kukufuata wewe kwa deni zima, si kwa nusu yako. Kwa hiyo omba kuona madeni ya mbia wako kabla ya kuona mtaji wake, nawe umwonyeshe yako. Ongea pia na wapangaji wake wa sasa kama anao. Wao watakwambia anavyofanya bomba likipasuka usiku.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye ubia daftari ni la wote: akaunti ya benki ya jengo peke yake, taarifa ya kila mwezi, na kiwango cha matumizi ambacho kikizidi hapo lazima wote wakubali. Andikeni pia itakuwaje jengo likidai fedha za ghafla na mmoja hana, kwa mfano sehemu yake ipungue kwa kiasi ambacho mwenzake ameongeza, na itakuwaje mmoja akifariki na warithi wake wakaingia mahali pake.

Yule mama na mimi baadaye tulinunua jengo la vyumba sita pamoja. Kifungu alichotaka kiandikwe kwanza kilihusu kuachana: anayetaka kutoka ataje bei ya nusu ya jengo, na mwenzake ndiye achague kuuza au kununua kwa bei hiyo hiyo, ndani ya siku 90. Ukijua unaweza kununuliwa kwa bei uliyoitaja mwenyewe, hutaji bei ya kumkandamiza mtu. Kifungu cha pili kilikuwa cha akaunti ya paa, na haitolewi fedha bila saini zetu mbili.